Uso wa mjomba kwenye filamu ya eksirei

Picha ya babu mzaa mama tuliyo nayo ni moja tu. Ilipigwa studio hapa Tanga, na nyuma yake kuna mwaka ulioandikwa kwa penseli: 1936. Babu amesimama, mkono wa kulia umeshika mgongo wa kiti cha henzirani. Kanzu imetoka vizuri mno, mshono wa kifuani unaweza kuufuata kwa ukucha. Kofia yake ya viua, ukiwa na subira, utahesabu vitundu vyake. Uso haupo. Pana weupe wa macho, pana ncha ya pua, kilichobaki ni giza. Mama alikuwa akituambia kwamba babu alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, alipigwa na foromali, ule mti unaobeba tanga, akiwa baharia kijana. Nimelitafuta kovu hilo tangu nina miaka saba, kwa macho matupu, kwa miwani, mpaka kwa kioo cha kukuzia. Halimo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba picha imechakaa. Nilipoanza kazi chumba cha eksirei ndipo nilipoanza kushuku jambo jingine, na imenichukua hadi kustaafu kulithibitisha kwa mikono yangu.

Nimefanya kazi ya eksirei miaka 31. Nusu ya maisha hayo niliyatumia chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, nikitumbukiza filamu kwenye matanki na kuzitundika zikauke. Watu wengi hudhani filamu ya eksirei inachorwa na mionzi yenyewe. Kwa sehemu kubwa inachorwa na mwanga. Ndani ya kaseti kuna skrini mbili, moja mbele na moja nyuma, mionzi ikizigonga zinang'aa kijani, na kijani hicho ndicho kinachoichoma filamu. Ndiyo maana filamu ina dawa pande zote mbili. Na ndiyo maana tunaweza kuishika chini ya taa nyekundu bila kuiharibu: filamu ile inaona kijani na buluu, nyekundu haioni kabisa. Kwake nyekundu ni usiku.

Sasa ifikirie ngozi yetu. Ngozi ya kahawia ni kahawia kwa sababu nyekundu ndiyo rangi inayoirudisha zaidi. Buluu na kijani inazimeza. Ukiipiga kwa filamu isiyoona nyekundu, umeinyang'anya ngozi karibu mwanga wote iliokuwa ikiutoa. Kanzu nyeupe inarudisha kila rangi, haipotezi kitu. Filamu za namna hiyo, na vioo vya kupakwa dawa vilivyotumika badala ya filamu, vilikuwa bado vinatumika sana kwenye studio miaka ya thelathini. Basi babu hakuchakaa. Mpiga picha alipima mwanga wa kutosha kanzu, na filamu yake haikuwa na jicho la kumwona mwenye kanzu.

Hospitali ilipohamia picha za kompyuta, filamu zilibaki stoo. Niliandika barua ya kuomba, nikapewa maboksi manne yaliyopita tarehe, shiti mia kila boksi, sentimita 18 kwa 24. Niliyabeba nyumbani kwa bajaji nikiwa nimeyapakata, na njia nzima nilikuwa nawaza picha ya babu.

Kamera niliipata kwa mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa na studio mjini. Ni Thornton-Pickard, ya Altrincham, Uingereza, ya mbao ya mahogani na vyuma vya shaba, saizi waliyoiita hafu-pleti. Hafu-pleti ni karibu sentimita 12 kwa 16.5. Nilipofika nyumbani nikachukua rula: shiti ya 18 kwa 24 ukiikata katikati unapata mbili za 12 kwa 18. Unapunguza sentimita moja na nusu tu, inaingia. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikapima tena, kwa sababu sikuamini kwamba boksi la hospitali na kamera ya zaidi ya miaka mia vinaweza kuelewana hivyo.

Holda zake, zile fremu zinazoshika filamu nyuma ya kamera, zilitengenezwa kwa vioo vya kupakwa dawa, si kwa filamu. Niliagiza kwa fundi vioo vipande sita vya kioo cha kawaida cha dirisha, vya saizi ile ile, nikawa nabandika filamu mbele ya kioo kwa gundi ya pande mbili. Springi ya holda inasukuma kioo kutoka nyuma, filamu inafika mahali pake. Mvukuto, ile sehemu ya mikunjo inayorefuka kati ya lenzi na filamu, ulikuwa na matundu. Ukiwasha tochi ndani ya mvukuto usiku, taa za nyumba zote umezima, unayaona kama nyota. Niliyahesabu kumi na saba, yote kwenye mikunjo ya pembeni, nikayaziba kwa vipande vya kaniki na solusheni ya kubandikia tyubu za baiskeli. Kaniki iliyobaki niliikunja mara mbili nikaishona, ndiyo ninayojifunika kichwani ninapotazama kioo cha nyuma. Sijaona kitambaa kinachozuia mwanga vizuri kuliko kaniki mpya isiyofuliwa.

Shata ya kamba iliyokuja na kamera, ile inayofungua na kufunga njia ya mwanga, ilikuwa imekufa, mpira wake umekuwa unga. Na lenzi haikuwepo. Hapo ndipo hadithi inaponoga kwangu.

Kijana mmoja anayenunua vyuma chakavu alikuwa na bomba la shaba lenye vioo, akitaka kuliuza kwa kilo. Aliniambia limetoka kwenye sanduku la taa ya picha la misheni moja upande wa Muheza, zile taa walizokuwa wakionyeshea picha ukutani kabla ya sinema. Halikuwa na jina la kiwanda wala namba. Nilifungua nikakuta mbele vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, nyuma vioo viwili vilivyotenganishwa kwa pete. Nilijua mara moja. Hii ni lenzi ya Petzval.

Joseph Petzval alikuwa mwanahisabati huko Vienna. Mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya Daguerre kutangaza picha zake Paris, alikokotoa lenzi mpya, na inasimuliwa kwamba alipewa wanajeshi wa mizinga waliozoea hesabu wamsaidie. Fundi lenzi Voigtländer akaitengeneza. Lenzi zilizokuwapo zilipitisha mwanga kidogo mno, mtu alilazimika kukaa mbele ya kamera kwa dakika. Ya Petzval ilipitisha mara kumi na zaidi ya hapo. Kwa ajili yake mtu aliye hai akaweza kupigwa picha ya uso. Baadaye mpangilio huo huo wa vioo ukatiwa kwenye taa za kuonyeshea picha, kwa maelfu, na ndiyo maana mpaka leo njia rahisi ya kupata Petzval ni kutafuta taa bovu.

Yangu nimeipima kwa kuelekeza dirisha ukutani: umbali wake hadi picha ni sentimita 21, kioo cha mbele kina upana wa 5.5. Gawanya, unapata 3.8. Kwa lenzi kubwa hivyo ni tundu pana sana. Fundi selemala wa Makorora alinichongea kibao cha mninga, tukaitia. Kifuniko cha lenzi ni kifuniko cha kopo la kahawa ya Africafe, nimekibandika kitambaa cheusi ndani. Kinakaa kama kilizaliwa nayo.

Siku ya kwanza niliielekeza kwenye mwembe wa uani, nikajifunika kaniki. Picha kwenye kioo inakuja kichwa chini, kama ilivyo kwa kamera zote za namna hii, na hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni majani. Katikati kila jani lilikuwa kali, mishipa yake naiona. Kutoka hapo kwenda pembeni majani yalianza kulegea, kisha kuzunguka, yakiuzunguka mchoro mzima kama maji ya ndoo uliyoyakoroga kwa mwiko. Lenzi hii haitandazi picha bapa, inaichora kama ndani ya bakuli. Kioo bapa kinakata bakuli hilo katikati tu. Waliofuata waliliona hilo kuwa kasoro, wakatumia miaka kulifuta. Mimi niliona mahali pa kuuweka uso.

Mjomba wangu ana miaka 84. Ni mtoto wa kiume pekee wa babu aliye hai, na wote waliomjua babu husema amemchukua kila kitu isipokuwa kovu. Anakaa Ngamiani. Nilikwenda na kamera ndani ya gunia la katani, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama ile mbao na shaba, akasema, "Hiyo ndiyo iliyompiga baba?" Nikamwambia si hiyo, lakini ni ya ukoo mmoja. Akaenda kubadilisha kanzu.

Nilimweka ukumbini, hatua mbili ndani ya mlango wa mbele, nyuma yake pazia la maua la mlango wa uani. Mlango wa mbele unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua haliingii, linaingia anga. Kichwa nilikiegemeza kwenye mgongo wa kiti kirefu, nikatia kanga iliyokunjwa nyuma ya shingo ili asitikisike. Programu ya kupimia mwanga kwenye simu ilinipa robo ya sekunde, kwa filamu hii niliyoihesabu kuwa ya kasi 25, yaani inayoshika mwanga polepole, kwa sababu imezeeka. Alikuwa mita moja na ushei kutoka kwenye lenzi, mvukuto umenyooka hadi sentimita 25 na nusu badala ya 21, na mvukuto ukirefuka mwanga unafifia. Hapo unaongeza nusu ya muda. Nikafungua kifuniko cha Africafe, nikakirudisha. Nyumbani nikaisafisha. Nikamkuta babu. Kanzu safi, macho mawili, giza.

Niseme wazi nilichojisikia. Sikukasirika. Nilisimama chini ya taa nyekundu nikiwa nimeshika shiti inayodondoka maji, na kwa mara ya kwanza niliona kwa mikono yangu jinsi uso wa mtu wetu unavyoweza kupotea bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Simu ilikuwa imepima mwanga wote pamoja na nyekundu. Filamu ilikuwa haina habari na nyekundu hiyo.

Mara ya pili nilikwenda jioni, nikidhani mwanga laini wa jioni utamfaa. Nilikosea vibaya. Mwanga wa jioni ni wa dhahabu, yaani umejaa nyekundu, na kwa filamu hii ni sawa na kuzima taa. Niliongeza muda mara mbili na bado nikapata kivuli. Tangu hapo napiga asubuhi tu, kivulini, palipo na anga ya buluu. Mara ya tatu niliongeza mara nne: uso ukaanza kuja, kanzu ikageuka shimo jeupe lisilo na mkunjo wala mshono. Mjomba hakuipenda hiyo. Alisema kanzu imeshonwa kwa mkono, ionekane.

Basi kazi ikawa kuwaweka wawili hao kwenye shiti moja, na jibu lilitoka sehemu tatu.

La kwanza alinipa mjomba mwenyewe bila kujua. Asubuhi moja nilimkuta ametoka kuoga, amejipaka mafuta ya nazi. Aliposogea mlangoni nikaona paji la uso limeshika anga, mstari kwa mstari. Ngozi nyeusi haichorwi na weupe wake, inachorwa na mng'ao wake, na mng'ao hauchagui rangi. Mwanga wa buluu ukiteleza juu ya mafuta unarudi na buluu yake yote. Nilitundika shuka jeupe la kitanda upande wa kulia, kubwa kuliko mtu, ili shavu la upande huo nalo lipate cha kung'aa. Taa ndogo au kioo kingetia nukta kali. Shuka linatia mfereji mpana wa mwanga kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni.

La pili ni kupima shavu peke yake, simu imesogezwa karibu kabisa, kisha kuzidisha mara nne kwa ajili ya nyekundu isiyoonekana. Ile robo ya sekunde, pamoja na mvukuto, ikawa sekunde moja na nusu. Unatoa kifuniko, unasema kimoyomoyo "Bismillahi Rahmani Rahim" bila haraka, unarudisha. Nimepima kwa saa, inatosha.

La tatu ni kahawa. Dawa ya kusafishia filamu kuiagiza ni gharama, na mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake pale Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga inaweza kufanya kazi hiyo. Mchanganyiko unaotumika sana, kwa lita moja: gramu 54 za soda eshi, gramu 16 za vitamini C, gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka. Wanaoutumia husifu kahawa ya robusta kuliko arabika. Mimi natumia Africafe. Soda eshi naipata kwa wauza malighafi za sabuni. Nilijaribu magadi ya sokoni, yale ya kupikia maharage, nikiyakaanga kwanza kwenye kikaango kikavu. Yanafanya kazi, ila kila fungu lina nguvu yake na huwezi kulitegemea. Vitamini C nunua ya unga, si vidonge vyenye sukari. Harufu yake ni mbaya, nawaambia mapema mjue, nyumba nzima italalamika.

Ili kanzu isiungue, ninaizimua kahawa hiyo kwa maji kiasi sawa na ninaitikisa trei kidogo tu. Penye kanzu dawa inachoka haraka, kwa sababu kazi ni nyingi. Penye uso ina kazi ndogo, inaendelea polepole. Maji ya bomba hapa Tanga yanafika nyuzi 28, na utando wa dawa kwenye joto hilo unakuwa laini kama ngozi ya mtindi. Naweka trei juu ya barafu ya mfuko, nashusha hadi 22 hivi. Chini ya trei nalaza kioo, kwa kuwa filamu ina dawa pande mbili na plastiki yenye mikwaruzo itaichana upande wa chini. Ikishakauka naibandika kwenye kioo, upande wa nyuma naupaka jiki kwa sponji, utando wa nyuma unayeyuka, unafuta. Unabaki na upande mmoja, na picha inakuwa kali maradufu. Fanya hivyo na madirisha wazi.

Faida moja ya filamu isiyoona nyekundu ni kwamba hukai gizani ukibahatisha. Unaiona. Shiti ya tisa niliiona ikija: kwanza kanzu, kama kawaida, kisha shuka la pembeni, kisha kwa muda mrefu hakuna kitu. Dakika ya tano paji la uso likaanza kupanda. Kwenye negativu, yaani picha iliyogeuka, penye mwanga pakiwa peusi, linakuja kama kijivu, mfereji mmoja mmoja, mikunjo mitatu mirefu na mmoja mfupi unaokatika katikati. Mashavu. Ndevu, kila unywele. Pembezoni maua ya pazia yalikuwa yameanza kuzunguka kichwa chake, na pembe za shiti zikabaki tupu, zitakazokuwa giza la duara kwenye picha, kwa kuwa lenzi hii haikuumbwa kufunika hafu-pleti yote. Sikutaka kulikata. Niliizuia mikono yangu isiitoe mapema, nikaiacha hadi dakika ya kumi na moja.

Niliiweka juu ya boksi la mwanga la kusomea eksirei, nikaipiga kwa simu, nikaigeuza, nikachapisha steshenari kwa saizi ya A4. Mjomba aliishika mbali, kisha karibu, kisha akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Alianza na kanzu. Aliukagua mshono. Kisha akaweka kidole juu ya nyusi ya kushoto, pale pale mama alipokuwa akituonyesha kwenye uso wake mwenyewe, akasema, "Lingekuwa hapa." Akakaa kimya muda mrefu, nami sikumsemesha. Sasa ile ya babu na hii zimewekwa fremu moja, ubavu kwa ubavu.

Habari zimefika kwa mama mdogo, dada yake mjomba, anayekaa Pangani. Ameagiza nimpige na yeye kabla ya Ramadhani, na amekwisha kuchagua cha kuvaa: kisutu alichoolewa nacho, amekitunza sandukuni na asumini kavu. Nilimpigia simu nikamweleza taratibu kwamba filamu yangu haioni nyekundu, kwamba kwenye picha wekundu wote wa kisutu utakuwa mweusi na yale maua hayatajulikana, na kwamba kanga ya buluu ingetoka vizuri zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanijibu kwamba yeye anajua ni nyekundu.